Kutoka Darasani hadi Uhadhiri: Mwongozo Kamili wa Taaluma ya Elimu Maalumu na Mafunzo ya Walimu

Mhadhiri wa elimu maalumu ana mabwana wengi. Chuo kinadai machapisho. Walimu wanafunzi wanadai mtu anayejua la kufanya mtoto akijificha chini ya dawati na kugoma kutoka. Na mtoto mwenyewe, ambaye huenda mhadhiri asimwone maisha yake yote, anategemea kufikiwa na kazi hiyo kupitia mikono ya mwalimu mwingine. Hapo ndipo njia hii inapotofautiana na ya mwanahistoria au mwanakemia: unamfundisha mtu ili naye akafundishe, na utafiti usiovuka daraja hilo la pili huishia kwenye rafu ya maktaba. Katika kila hatua iliyoelezwa hapa, kuanzia kuchagua mada hadi kuomba kupandishwa cheo, swali la kujiuliza ni lilelile: hiki kitamfikia mtoto kwa mkono wa nani?

Hatua ya 1: Ijue kazi kabla ya kuitamani

Vyuo vikuu hugawa kazi ya mhadhiri katika mafungu matatu: kufundisha, kutafiti na kutoa huduma kwa chuo na jamii. Kwenye fani hii kuna fungu la nne ambalo matangazo ya kazi hulitaja kwa ufupi mno, nalo ni usimamizi wa mazoezi ya kufundisha. Ni wiki nzima za kwenda shule moja baada ya nyingine, kukaa nyuma ya darasa na fomu ya tathmini, kisha kuzungumza na mwalimu mwanafunzi ambaye bado anatetemeka. Usipoipenda kazi hiyo, utaishia kuiona kama kikwazo cha utafiti wako, na wanafunzi wataligundua hilo mapema sana.

Tofautisha pia mkufunzi wa chuo cha ualimu na mhadhiri wa chuo kikuu. Wa kwanza hupimwa zaidi kwa ufundishaji na kwa walimu anaowatoa; wa pili hupimwa kwa machapisho, fedha za utafiti alizoleta na wanafunzi wa uzamivu aliowasimamia. Watu hudhani ya pili ni ngazi ya juu ya ya kwanza. Si lazima iwe hivyo. Wapo wakufunzi wa vyuo vya ualimu ambao alama yao madarasani ni kubwa kuliko ya maprofesa wengi, na mtu asiyependa kuandika hana sababu ya kujitesa.

Hatua ya 2: Kaa darasani, na ukae na daftari

Vyuo vingi vinavyoajiri kwenye fani hii hutaka mwombaji awe amewahi kufundisha, na vingine hutaka cheti au leseni ya ualimu. Hata pasipo sharti hilo ningekushauri ufundishe angalau miaka mitatu. Mwaka wa kwanza unajifunza kuishika hali ya darasa. Wa pili unaanza kuwaona watoto mmojammoja. Wa tatu ndipo unapoweza kulinganisha: huyu wa mwaka huu na yule wa mwaka jana walikwama mahali pamoja, lakini kwa sababu tofauti.

Daftari ninalolisema ni la kuandika ulichokiona, na maoni yako yasubiri. Linganisha maandishi haya mawili kuhusu kipindi kimoja cha hesabu:

"Mtoto A leo hakuwa makini. Anasahau haraka."

"Mtoto A amehesabu vizibo saba vilivyopangwa mstari bila kosa. Vilipopangwa kwa duara alipita kizibo alichoanzia na kukihesabu tena. Akapata tisa, kisha kumi na moja. Nilipoweka jiwe jekundu kwenye kizibo cha kwanza, akasimama kwenye saba."

Maandishi ya kwanza ni hukumu, na hayakupeleki popote. Ya pili yanakuonyesha kwamba mtoto anajua majina ya namba na mfuatano wake. Anachokosa ni njia ya kukumbuka ameanzia wapi. Hapo tayari una mbegu ya utafiti. Tumia herufi badala ya majina, na daftari lisilale mezani.

Miaka hiyohiyo ndiyo ya kujifunza zana za fani kwa vidole vyako. Chagua moja na uifikishe mbali: lugha ya alama, nukta nundu, mawasiliano kwa kadi za picha, stadi za mwelekeo na utembeaji kwa wasioona. Mfumo wa nukta nundu ambao Louis Braille aliuchapisha mwaka 1829 una nukta sita tu, zinazotoa michanganyiko 63. Mtu mwenye nia hujifunza kuusoma kwa macho katika wiki chache, ingawa kuusoma kwa ncha za vidole ni habari nyingine kabisa. Lugha ya alama huchukua miaka, na mwalimu bora wa lugha hiyo ni kiziwi anayeitumia kila siku. Mhadhiri wa elimu ya viziwi asiyejua alama atapitia kwa mkalimani maisha yake yote, hata anapozungumza na watu anaowaandikia vitabu.

Historia ya fani inatoa onyo kuhusu hilo. Mwaka 1880 kongamano la walimu wa viziwi lililofanyika Milan lilipitisha azimio la kutanguliza usemi na kuiondoa lugha ya alama madarasani. Karibu wajumbe wote walikuwa watu wanaosikia. Ilikuwa hadi mwaka 1960 ndipo William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza katika Gallaudet, chuo cha viziwi nchini Marekani, aliyekuwa akiwatazama wanafunzi wake wakizungumza, alipochapisha uchambuzi kwamba ishara zao zina muundo kamili wa lugha. Kongamano la kimataifa la elimu ya viziwi lilikuja kuyakataa rasmi maazimio ya Milan mwaka 2010, huko Vancouver. Miaka 130, na watoto walikuwa shuleni muda wote huo.

Hatua ya 3: Chagua eneo, kisha ulipunguze

Eneo linaweza kushikwa kwa njia nne: kwa aina ya ulemavu (uoni hafifu, uziwi, usonji, ulemavu wa akili), kwa stadi (kusoma, kuhesabu, mawasiliano, kujihudumia), kwa mfumo (sera, upimaji, usajili), au kwa mwalimu mwenyewe: anavyoandaliwa, anavyobadilika, anavyokata tamaa. Anayelenga mafunzo ya walimu afanye vizuri kuunganisha njia mbili, kwa mfano kusoma kwa wasioona pamoja na namna walimu wa kawaida wanavyoandaliwa kuifundisha. Mchanganyiko wa namna hiyo hukupa mahali pako.

Kabla ya kuamua, soma kwa ukamilifu nyaraka zilizoiunda fani, maana zinanukuliwa na watu wengi ambao hawajazifungua. Sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ya mwaka 1975, ndiyo iliyofanya mpango wa elimu wa mtoto mmojammoja kuwa takwa la kisheria nchini humo. Ripoti ya kamati ya Warnock ya mwaka 1978, Uingereza, ilisukuma mbele dhana ya mahitaji maalumu ya kielimu badala ya kuwapanga watoto kwa majina ya kasoro zao. Tamko la Salamanca la Juni 1994, linalotetea elimu jumuishi, yaani watoto wote kusoma pamoja katika shule za kawaida, lilikubaliwa na wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa. Kisha ukaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, ambao ibara yake ya 24 inahusu elimu.

Isome ibara hiyo polepole. Inadai mfumo wa elimu jumuishi katika ngazi zote, na hapohapo inataka watoto wasioona, viziwi na viziwi wasioona wafundishwe kwa lugha na njia zinazowafaa, katika mazingira yatakayowakuza zaidi kitaaluma na kijamii. Ndipo mjadala mkubwa wa fani ulipo. Je, mtoto kiziwi aliyewekwa peke yake kati ya wanafunzi arobaini wanaosikia, bila yeyote anayejua alama, amejumuishwa? Jamii nyingi za viziwi hujibu kwamba hapana, ametengwa ndani ya umati. Huna haja ya kuwa na msimamo siku ya kwanza, lakini usiingie kwenye usaili wa kazi bila kujua pande zote zinasema nini.

Hatua ya 4: Shahada ya uzamili

Hapa niseme kwa kifupi. Ipo ya masomo ya darasani na ipo yenye tasnifu. Anayetaka uhadhiri achukue yenye tasnifu, hata kama ni ngumu na ndefu kidogo, kwa sababu kamati za uzamivu hutaka ushahidi kwamba umewahi kukusanya data na kuimaliza. Kozi moja usiikwepe: takwimu. Walimu wengi huikimbia, kisha hutumia miaka ya uzamivu wakiomba msaada kwa watu wasioijua elimu.

Hatua ya 5: Linoe swali mpaka lishike

Tasnifu nyingi zinaanza na kichwa kama hiki: "Changamoto za Elimu Jumuishi katika Shule za Msingi." Jibu linajulikana kabla hujatoka nyumbani. Walimu watasema madarasa yamejaa, vifaa havitoshi, mafunzo hawakupata. Yote ni kweli, na yote yameandikwa mara nyingi.

Chukua yule mtoto wa vizibo. Jaribio la pili linaweza kuwa: "Namna walimu wanavyofundisha kuhesabu kwa watoto wenye ulemavu wa akili." Afadhali, lakini bado pana. La tatu: "Je, kumfundisha mtoto kusogeza kila kitu alichokihesabu ng'ambo ya mstari kunapunguza makosa ya kuhesabu kitu mara mbili, na je, ataendelea kufanya hivyo baada ya mwalimu kuacha kumkumbusha?" Hili lina kitendo kinachoonekana, kosa linalohesabika, na swali la kudumu kwa stadi, ambalo ndilo walimu hulijali zaidi.

Sasa ligeuze lielekee mafunzo ya walimu: "Je, walimu wanafunzi walioonyeshwa mbinu hiyo, wakaijaribu kwa kuigiza na kupewa mrejesho, wanaitumia kwa usahihi zaidi darasani kuliko walioisikia kwenye mhadhara?" Angalia ulichopata. Swali la tatu ni la uzamili, la nne ni la uzamivu, na yote mawili yametoka kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Kipimo changu cha swali zuri ni hiki: mweleze mwalimu wa darasani kwa sentensi mbili. Akikuuliza "Halafu ukipata nini?", una swali. Akikuambia "Hongera, Mungu akusaidie", rudi mezani.

Hatua ya 6: Mbinu zinazolingana na watoto wachache

Ugumu wa fani hii ni idadi. Watoto viziwi wasioona katika eneo zima wanaweza kuwa wanne. Huwezi kuwagawa makundi mawili ya thelathini. Kwa sababu hiyo elimu maalumu inatumia sana usanifu wa kesi moja, ambapo mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza unapima tabia au stadi mara kadhaa bila kubadilisha chochote. Hiyo ni awamu ya msingi. Kisha unaanza afua, yaani mbinu unayoijaribu, na kuendelea kupima vilevile. Ili mabadiliko yasiwe ya bahati, unarudia kwa mtoto wa pili na wa tatu, ukianza afua kwa kila mmoja wakati tofauti. Kama makosa ya mtoto B yanabaki palepale wakati ya A yameshuka, na yanashuka pale tu afua inapomfikia B, hoja yako inasimama. Viwango vinavyotumiwa na wengi vinataka athari ionekane angalau mara tatu kwa nyakati tofauti, na kwa ubora wa juu, vipimo visivyopungua vitano katika kila awamu.

Muweke pia mtazamaji wa pili. Angalau asilimia 20 ya vipindi vihesabiwe na watu wawili wasiotazamana. Mkihesabu majaribio 20 mkakubaliana kwenye 17, makubaliano yenu ni 17 gawanya kwa 20, yaani asilimia 85. Chini ya 80, maelezo yenu ya kosa ni nini hayajawa wazi, na tatizo hilo haliwezi kutatuliwa na programu ya kompyuta. Mnakaa chini na kuandika upya.

Kuna kipimo kingine ambacho mtafiti wa mafunzo ya walimu hawezi kukiacha: uaminifu wa utekelezaji. Andika mbinu yako kama orodha ya vitendo. Tuseme ni vinane. Mwalimu akifanya sita, ametekeleza asilimia 75. Bila namba hiyo, mtoto asipobadilika hujui kama mbinu ni mbovu au haikutumika kabisa. Tafiti nyingi hulaumu mbinu, au humlaumu mwalimu, bila kutazama lolote kati ya hayo mawili.

Usaili, majadiliano ya vikundi na kukaa shuleni kwa muda mrefu vina nafasi yao kubwa, hasa unapotaka kujua kwa nini mwalimu aliacha mbinu iliyokuwa ikimfaa. Na ukihitaji kuhesabu watu wenye ulemavu, usiulize "Je, una ulemavu?" Maswali mafupi sita ya Washington Group, kundi la Umoja wa Mataifa la takwimu za ulemavu, yanauliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia na kuwasiliana, na kila moja lina majibu manne, kuanzia hakuna ugumu hadi kushindwa kabisa. Kwa watoto ipo moduli yao iliyotayarishwa pamoja na UNICEF, na hiyo ndiyo ya kutumia.

Hatua ya 7: Ridhaa ambayo haisainiwi

Kamati ya maadili itataka fomu ya mzazi. Hiyo ni rahisi. Kigumu ni ukubali wa mtoto asiyesema. Kabla ya kuanza, kaa na mzazi na mwalimu muandike mtoto huyu anavyosema hapana: anageuza uso, anasukuma kifaa, anakaza mwili, anaanza kujing'ata mkono. Andika pia idadi: akisukuma mara mbili, kipindi kinasimama, na hakuna kumbembeleza. Weka ukurasa huo kwenye maombi yako ya kibali. Wanakamati huuthamini, na zaidi ya hapo, msaidizi wako wa utafiti atajua la kufanya wewe usipokuwepo.

Jihadhari na kuficha majina kusikoficha kitu. Ukiandika "mtoto pekee kiziwi, umri wa miaka tisa, darasa la pili, shule ya kando ya ziwa", kila mtu wa eneo hilo anamjua. Toa umri kwa kipindi, toa maelezo ya shule, na picha au video zitumike kwa ridhaa yake tofauti, yenye tarehe ya kufutwa.

Na watu wenye ulemavu wawemo kwenye timu tangu swali linapoundwa, wakilipwa kama wengine. Kauli ya harakati zao, kwamba lolote linalowahusu lisifanywe bila wao, inamhusu mtafiti sawasawa na inavyomhusu mwanasiasa.

Hatua ya 8: Uzamivu na msimamizi wake

Chagua msimamizi kuliko jina la chuo. Kabla ya kukubali, omba kuzungumza na wanafunzi wake wawili, mmoja anayeendelea na mmoja aliyemaliza, na uwaulize: rasimu inarudi baada ya muda gani? Nani anatangulia kwenye orodha ya waandishi? Mara ya mwisho aliingia darasa la watoto lini? Kuna waliokatiza masomo, na kwa nini? Msimamizi mwenye sifa kubwa asiyerudisha rasimu kwa miezi minne atakugharimu mwaka.

Kama unaye wa elimu maalumu, tafuta msimamizi wa pili kutoka fani jirani: saikolojia, isimu, tiba ya usemi, takwimu. Mwaka wa kwanza ni wa kusoma na kulijaribu swali kwa kiwango kidogo. Usiruke jaribio hilo dogo, maana ndilo litakalokuonyesha kwamba kipindi ulichopanga kwa dakika arobaini kinachukua dakika kumi za kumtuliza mtoto.

Hatua ya 9: Kuchapisha

Soma matoleo ya karibuni ya jarida kabla ya kulitumia makala; wahariri hukataa kazi nzuri kila siku kwa sababu tu imekwenda mahali pasipo pake. Jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku chache, linalokuita kwa sifa nyingi na kukudai malipo kwanza, liache. Kama linajitangaza kuwa la wazi, yaani linalosomwa na yeyote bila malipo, liangalie kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2003 na inayochuja majarida ya namna hiyo. Jisajili ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, ili machapisho yako yasichanganywe na ya mtu mwenye jina kama lako.

Maoni ya wasomaji wahakiki yakija, yaweke kwenye jedwali: safu ya kwanza maneno yao, ya pili jibu lako, ya tatu ukurasa uliobadilisha. Pale usipokubaliana, toa sababu kwa utulivu. Ukali haujawahi kumshawishi mhariri.

Kila makala ikitoka, andika toleo la kurasa mbili kwa ajili ya walimu, kwa lugha wanayofundishia, lenye picha ya zana na hatua za kuitumia. Kamati ya kupandisha vyeo huenda isilihesabu. Andika hata hivyo. Bila hizo kurasa mbili hakuna mkono wa kuifikisha kazi darasani.

Hatua ya 10: Jifunze kufundisha watu wazima wanaofundisha

Kujua kufundisha mtoto hakukufanyi ujue kumfundisha mwalimu. Mwalimu hodari hufanya mambo mengi bila kuyafikiria, na akiulizwa amefanyaje hujibu "unamzoea tu". Kazi ya mkufunzi ni kuyavunja hayo mazoea katika vipande vinavyoonekana.

Zana ya zamani lakini isiyochakaa ni ufundishaji mdogo, uliobuniwa chuo kikuu cha Stanford mapema miaka ya 1960: somo la dakika tano hadi kumi, wanafunzi wachache, stadi moja tu, kurekodiwa, kutazama pamoja, kisha kufundisha tena. Kwa elimu maalumu punguza zaidi. Stadi iwe kusubiri: mwalimu anauliza, kisha ananyamaza hadi sekunde tano zipite. Ukiwarekodi walimu wanafunzi utaona wengi wanarudia swali kabla ya sekunde mbili, wanabadilisha maneno, kisha wanajibu wenyewe. Mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyekuwa njiani kujibu sasa ana maswali matatu kichwani. Waache watazame rekodi na kuhesabu sekunde wao wenyewe. Hutahitaji kusema mengi.

Ufuatiliaji ndio unaopuuzwa zaidi. Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa mafunzo ya walimu, walieleza tangu miaka ya 1980 kwamba nadharia na maonyesho peke yake huingia darasani kwa shida. Kinachosaidia stadi ihamie huko ni mwalimu kuwa na mtu wa kumfuatilia na kumwelekeza kazini. Kwa hiyo unapopanga semina ya siku tatu, uliza kama ingewezekana kuwa ya siku moja pamoja na ziara nne za shuleni. Wafadhili hupenda semina kwa kuwa inapigika picha.

Na mrejesho wa mazoezi ya kufundisha uandikwe hivi, tuseme:

"Ulipomuuliza Mtoto C rangi ya kadi, ulisubiri sekunde moja ukamtajia. Ilitokea mara sita. Mara moja ulipokatizwa na mlango, alijibu mwenyewe. Kesho, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kusaidia, kwa mtoto huyu tu. Nitakuja Alhamisi kuangalia hilo peke yake."

Hakuna "umejitahidi lakini". Kuna alichofanya, mara ngapi, ushahidi kwamba njia nyingine inawezekana, jambo moja la kubadilisha, na siku ya kurudi. Mkufunzi anayeandika mapendekezo kumi na mawili kwenye fomu amejipumzisha nafsi, maana hakuna mwalimu mwanafunzi anayeweza kubadilisha mambo kumi na mawili kwa wiki.

Wafundishe pia wote, hata wasiosomea elimu maalumu. Mtoto mwenye uoni hafifu atakuwa kwenye darasa la mwalimu wa jiografia, ambaye alipata kozi moja tu ya mahitaji maalumu chuoni na aliisoma ili afaulu mtihani. Kozi hiyo moja mara nyingi hupewa mhadhiri mpya kwa kuwa hakuna anayeitaka. Ikubali. Ifundishe ndani ya masomo yao: ramani inayosomwa kwa kuguswa kwa watu wa jiografia, fumbo la hesabu lenye maneno machache kwa watu wa hisabati.

Hatua ya 11: Kuomba kazi

Wasifu wa kitaaluma hauna haja ya kurembwa. Tanguliza elimu, kazi darasani, machapisho, kozi ulizofundisha, usimamizi, fedha za utafiti. Weka stadi za zana kwa ukweli: "lugha ya alama, mazungumzo ya kawaida" ni bora kuliko "mtaalamu", kwa sababu kwenye jopo anaweza kuwepo kiziwi.

Barua ya maombi itaje kozi za chuo hicho kwa majina, na ile ambayo ungeweza kuifundisha muhula ujao. Kwenye mhadhara wa majaribio, wape jopo kitu cha kufanya kwa dakika tatu, kama kusoma aya iliyoandikwa kwa herufi zilizofifia, kisha uliza ni marekebisho gani yangewasaidia. Usiwafunge macho ukadhani wameonja upofu. Zoezi hilo huacha huruma na woga, na wasioona wengi hawalipendi kwa sababu linafanana na siku ya kwanza ya mtu aliyepoteza macho, wala halifanani na maisha ya mtu aliyezoea.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza: saa za kufundisha ni ngapi kwa wiki? Mazoezi ya kufundisha yanahesabiwa ndani yake au juu yake? Usafiri wa kwenda shuleni unalipwa na nani? Vigezo vya kupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi vimeandikwa wapi? Ukijibiwa "tutaangalia", omba kwa maandishi.

Hatua ya 12: Miaka ya mwanzo ya uhadhiri

Utapewa kamati. Kubali moja, na ikiwezekana iwe ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu, kwani huko utakuwa na la kusema na utajifunza chuo chako kinavyofanya kazi. Ukiwa na mwanafunzi asiyeona, vitabu vyake vianze kutafutwa kabla ya muhula. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaziruhusu nchi wanachama kutengeneza na kubadilishana nakala zinazosomeka kwa wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Mkutubi wako anaweza asijue, basi mweleze.

Funga uhusiano na shule mbili au tatu na usiongeze. Nenda hata usipokuwa na data ya kukusanya. Fundisha kipindi kimoja pale kila mwezi, kwa kuwa wanafunzi wako watakuuliza mara ya mwisho ulifundisha watoto lini, na wana haki ya kuuliza. Utafiti ukiisha, rudi na matokeo yakiwa kwenye zile kurasa mbili, uwasomee walimu, uwaachie vifaa vilivyonunuliwa kwa mradi. Shule nyingi zimechoshwa na watafiti wanaokuja na fomu na kutoweka. Mtafiti atakayekuja baada yako atapokewa kwa kadiri ulivyoondoka wewe.

Faili la kupandishwa cheo lianze siku ya kwanza kazini. Weka humo fomu za tathmini, barua za shule, mitaala uliyoandika, orodha za uaminifu wa utekelezaji za walimu uliowafuatilia kabla na baada. Kamati imezoea kuhesabu makala. Wekea jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha walimu wangapi uliowafunza bado wanatumia mbinu mwaka mmoja baadaye, na ulipimaje. Ili ulipate, wapigie simu au uwatembelee mwaka huohuo. Ukisubiri hadi tangazo la cheo litoke, wengine watakuwa wamehamishwa na namba zao hazipatikani.